Meno ya Konsaltanti

Mungu hamtupi mja wake, hata mja mwenyewe akiwa tapeli. Elijah aliliamini hilo kwa dhati, na siku ile pale Kakuma, akitoka kwa fundi wa meno mdomo umemvimba kama aliyeumwa na nyuki, aliletewa ushahidi na muuza duka.

Inafaa tumjue kwanza. Elijah alikuwa mtu wa Kitale, na kwa miaka mingi aliishi kwa mdomo wake. Aliuza viwanja vilivyokuwa na wenyewe, akauza nafasi za jeshi kwa vijana wasioweza kuruka hata mtaro, akauza dawa ya kunenepesha kuku ambayo kuku wenyewe waliikataa. Kisha mteja mmoja alikwenda kukiona kiwanja chake akakuta kanisa limejengwa juu yake, na waumini wanaimba. Mteja huyo hakwenda polisi. Alimtafuta Elijah na kumrudishia risiti yake mdomoni, kwa ngumi. Meno ya mbele ya juu yakatoka pale pale, na yale ya nyuma, yalivyokuwa mabovu, daktari akayaondoa wiki hiyo hiyo.

Mdomo uliponza kichwa, lakini safari hii kilichoponzwa ni mdomo wenyewe. Nani atamkabidhi mali yake kibogoyo anayetema mate kila akitaja jina la Yesu? Elijah alikaa mwaka mzima bila kumwibia mtu, na hali hiyo ikamtia huzuni ya kweli. Usiku alilala akiwaza wajinga wote waliokuwa wakipita huru mjini bila mtu wa kuwashughulikia.

Ndipo akasikia kwamba kambini Kakuma kuna Mkongo anaitwa Baudouin, fundi wa meno ya bandia, mtu wa Bukavu, bei yake nafuu. Akauza televisheni na kitanda, akapanda kwenda huko, na Baudouin akamtengenezea meno yote ya juu, meupe kuliko alivyopewa na Mungu.

"Wiki ya kwanza, kula uji," Baudouin alimwonya. "Usiku unayatosha mu kinywa, unatia mu maji. Asubuhi unasoma gazeti kwa sauti mpaka ulimi ijue njia. Papa, meno ya mupya ni sawa bibi mupya. Ukimulazimisha, atarudia kwao."

Elijah akatoka, jua la Kakuma likamchoma utosi, akaingia katika duka la binti wa Sudan Kusini, Aluel.

"Thithta," akasema, akashtuka kusikia mluzi ukitoka kati ya meno na ufizi, "naomba thoda. Baridi thana."

Aluel alimtazama toka viatu hadi kichwa, kisha akatabasamu kwa heshima kubwa. "Uncle, umerudi lini kutoka Australia?"

"Authtralia?"

"Binamu zangu wamerudi kutoka huko, wanaongea hivyo hivyo. Kiswahili inawakataa kabisa." Akamfutia kiti vumbi. Malipo ya soda akayakataa, akaomba tu namba ya simu, kama kuna kazi.

Elijah akainywa ile soda polepole. Kila mtu humwona kilema ana mkosi, naye pale alikuwa anapewa kiti. Ilikuwa mwaka wa 2012. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa Turkana, na akili za watu zilikuwa zimeanza kuteleza juu ya mafuta hayo kabla hata hayajatoka ardhini. Waliokuwa na ardhi waliiuza, wasiokuwa nayo waliiuza pia. Katika mji wa namna hiyo, mtu asiyeweza kutamka herufi moja ya Kiswahili ana cheo tayari. Kilichobaki ni kununua koti la kung'aa.

Juma lililofuata Lodwar ilipata mgeni. Alivaa koti la kijani la kumetameta na helmeti nyeupe, akapanga chumba katika nyumba ya wageni ya Nawoitorong, akajiita Konsaltanti. Konsaltanti wa nini, hakuna aliyeuliza, maana kuuliza kungeonyesha ushamba. Asubuhi alikunywa uji. Mchana alichovya chapati kwenye chai. Walipomuuliza mbona hagusi nyama, alijibu kwamba huko Australia alikosomea madaktari wamekataza kutafuna, na watumishi wawili wa serikali wakaanza kunywa uji siku hiyo hiyo.

Samaki aliyemlenga alikuwa Lokaale. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mwenye lori, mwenye tumbo, na mwenye desturi ya kuwatembelea majirani wakati wa kiangazi kuwapa pole na kununua mbuzi wao kwa bei ya kuku. Kwa hiyo msimwonee huruma mapema.

"Kampuni ya mafuta inatafuta mtu mmoja wa kuleta mbuthi jikoni," Elijah alimwambia, wamekaa hotelini. "Kila thiku. Mtu mmoja tu. Thithi hatupendi fujo."

Lokaale akasogeza kiti. "Na huyo mtu mmoja, mmempata?"

"Bado. Kwantha lathima mbuthi wapimwe. Tunachukua thampuli, tunapeleka maabara."

"Mbuzi moja si inatosha kupima?"

"Mthee wangu," Elijah akatikisa kichwa kwa uchungu wa msomi, "thayanthi haiamini mbuthi mmoja. Lete kundi."

Lokaale akasema ataongea na watu wake. Aliongea nao wiki moja, akaongea nao mbili. Naye Elijah akangoja, na katika kungoja kwake akafanya kosa ambalo hakuna tapeli aliyewahi kulifanya: akatii maagizo ya fundi. Vidonda vya ufizi alivisukutua kwa maji ya chumvi. Usiku aliyalaza meno katika bilauri, asubuhi akasimama mbele ya kioo akisoma gazeti kwa sauti, habari za siasa, matangazo ya vifo, bei ya simiti. Mwanzoni mate yalimtoka hadi kidevuni. Baadaye yakapungua. Ulimi ukaijua njia. Siku moja akakutana na mhudumu wa nyumba ya wageni barazani, akasema, "Asubuhi njema, Sista. Maisha si mabaya sasa," na kila neno likatoka safi kama la mtangazaji wa redio.

Elijah akarudi chumbani, akaketi kitandani, akashika tama. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Yeye aliona riziki yake inapona na kumwacha.

Alijaribu kuigiza. Lakini uongo wa mdomoni unataka kumbukumbu, na alasiri ile ile, Lokaale alipomwambia mbuzi wako karibu kukamilika, Elijah aliropoka kwa furaha, "Sawasawa kabisa, mzee!"

Lokaale akainua jicho. "Konsaltanti, leo Kiswahili imerudi."

"Nafanya mathoethi," Elijah akasema haraka, jasho likimtiririka chini ya helmeti.

Kesho yake alfajiri alikuwa njiani kwenda Kakuma.

"Yananikaa vizuri mno," alimlalamikia Baudouin. "Yaharibu."

Baudouin akavua miwani. "Batu bote banakuya hapa juu meno inabaumiza. Weye unakuya juu inakukamata muzuri?"

"Yalegeze. Nataka yacheze."

"Niko nafanya kazi hii tangu Bukavu, sijaona." Lakini mteja ni mfalme hata akiwa mwendawazimu. Fundi akakwangua hapa na pale, akamrudishia. "Sasa usitafune kitu nguvu, papa. Hata mukate, uiombe ruhusa."

"Athante thana," Elijah akasema, na machozi ya furaha yakamlenga.

Alirudi Lodwar akakuta mbuzi wako tayari, kundi zuri, wanene, wengi kuliko alivyothubutu kuota. Aliwaza tayari soko la Kitale, ambako hakuna anayemjua Lokaale wala mbuzi wake. Alichotaka ni kuwapakia na kuondoka.

"Bado," Lokaale akasema. "Kwetu mgeni haiwezi beba mbuzi bila kula moja na wazee. Itakuwa kama ameiba."

Wakampeleka ukingoni mwa mto Turkwel. Dume la mbuzi lilikuwa limekwisha kuchomwa zima juu ya moto, na wanaume wameketi nusu duara kwa kufuata umri. Mjomba wa Lokaale, mzee Ekuru, ndiye aliyegawa. Mgeni alipewa mguu. Desturi ilikuwa aume kipande, kisha aurudishe kwa Ekuru uendelee kuzunguka.

"Madaktari wangu wamekatatha," Elijah akaanza.

Ekuru alimtazama bila kupepesa. Kuikataa nyama mahali pale ni kuwaambia watu kwamba umekuja na jambo lingine, na mwenzetu alikuwa amekuja nalo kweli. Akatazama mbuzi zizini. Akatazama mguu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akajisemea, na akauma.

Dume lile lilikuwa limeona ukame mwingi maishani na halikukusudia kumpa mtu raha. Elijah alivuta. Nyama ikavuta pia. Akavuta kwa nguvu zaidi, akisikia kitu kikibanduka kwenye ufizi, na mguu ulipomtoka mdomoni akaurudisha kwa Ekuru kama desturi inavyotaka, na meno yote ya juu yameng'ang'ania nyama yakiwa peke yake.

Ekuru akauzungusha ule mguu kwenye mwanga. "Hii mbuzi," akasema taratibu, "haikuwa na meno hapa."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lilimtisha Elijah zaidi. Ekuru akafungua kinywa chake, akaonyesha pengo la chini pale wazee wa zamani walipomng'oa mawili alipokuwa mtoto. "Sisi tunatoa mbili ya chini. Nyinyi huko Australia mnatoa yote ya juu?"

Elijah akaitikia kwa kichwa.

"Na ulilia?"

Akatikisa kichwa kwamba hakulia. Wazee wakanong'ona kwa kustahi.

Lokaale alikuwa ameshayachomoa meno kwenye nyama. Akayaosha kwa maji ya kunywa, akayafunga ndani ya leso, akaitia leso mfukoni. "Mbuzi ziende na wewe," akasema. "Hizi meno zikae na mimi. Karatasi ya tenda ikikuja, zinarudi. Namna hiyo kila mtu analala vizuri."

Elijah nusura ambusu. Kundi zima kwa meno ya bandia! Meno hutengenezwa; fundi anajulikana. Akakodi lori siku hiyo hiyo, na likatoka Lodwar Elijah akichekea kiganjani, ufizi mtupu, akiusikitikia ujinga wa matajiri.

Kicheko kilimkauka kwenye kizuizi cha kwanza. Askari aliuliza swali dogo tu: mbuzi wa nani, wanaenda wapi. Elijah alikuwa na majibu saba, yote mazuri, na yote yalitoka "fafafa." Alipita kwa kuacha saa yake. Akaona wazi kwamba njia ya Kitale ina vizuizi kuliko saa alizonazo. Akamwamuru dereva kwa kidole ageuze: Kakuma kwanza, meno kwanza.

Kakuma nako walipolisimamisha lori sokoni wanunuzi wakaja, na hawakutazama unene wala umri wa mbuzi. Walishika masikio. Kwa Mturkana sikio la mbuzi limechanjwa alama ya mwenyewe, na kila mtu pale aliisoma kama wewe unavyosoma jina juu ya mlango wa duka. Tapeli wetu, msomi wa Australia, hakuwahi kuyatazama masikio.

"Hizi ni za kina Lokaale," mmoja akasema. "Wewe ni nani yake?"

"Fa... fafa..."

"Anasema nini?"

"Hasemi kitu. Mtu ana mbuzi za watu na hasemi kitu." Fimbo mbili tatu zikainuka. Mwizi wa mifugo katika nchi ile hasomewi mashtaka, na Elijah, aliyewahi kuzungumza akatoka mikononi mwa umati mara tatu huko Kitale, alielewa kwamba leo atakufa kwa kukosa herufi. Akampiga dereva begani, lori likatoka mbio hadi kambini, hadi kwenye ua wa Baudouin.

Fundi alimsikiliza, au tuseme alimtazama akitapatapa, bila mshangao wowote.

"Meno ya haraka ni bei kali," akasema. "Na hizi mbuzi, batu banakuya kuzitafuta. Acha zote kwangu, nitajua namna. Kesho kutwa utapata meno."

Zote! Elijah alitaka kupigania nusu, alitaka angalau beberu mmoja. Lakini kupatana bei ni kazi ya mdomo. Akafikiri: mdomo ukipatikana, mifugo ya Turkana nzima iko pale pale. Akakubali kwa kichwa, akajificha katika hoteli ya Mhabeshi akinywa mchuzi.

Siku ya ahadi alifika mapema. Baudouin akamtilia meno. "Sasa sema."

"Sisi sote tunasafiri salama," Elijah akasema. Safi! Bila mluzi, bila mate. "Sabuni. Sufuria. Serikali ya kaunti." Akamkumbatia fundi. Alijisikia kijana tena. Mji wote ulikuwa mbele yake, na watu wake, na mifuko yao.

Kisha akamwachia. Akapitisha ulimi juu ya meno, taratibu. Hapakuwa na maumivu. Ufizi haukukwaruzwa popote. Meno mapya yalimtesa majuma. Haya yalikaa kana kwamba yamerudi nyumbani.

"Baudouin," akasema kwa sauti ndogo, "haya ni yangu."

"Niliyakaza kidogo," fundi akakiri. "Ile mulegezo uliomba haikuwa muzuri."

Nje, Lokaale alikuwa akipakia mbuzi wake kwenye lori lake. Mmoja aliachwa amefungwa mlangoni kwa Baudouin, ujira wa kazi. Fundi wa meno katika nchi ile nzima alikuwa mmoja, na kumfikia na leso ile kabla ya kibogoyo hakukuhitaji mtu awe amesoma Australia.

"Ejok, Konsaltanti!" Lokaale akaita. "Tenda imefika?"

Elijah alitazama jangwa pande zote. Saa hakuwa nayo, kitanda alishakiuza, na sokoni bado kulikuwa na watu wenye fimbo waliomkumbuka sura.

"Mzee," akasema, kwa Kiswahili safi cha Kitale, "nisaidie nauli tu."

"Nauli ya nini na gari iko? Panda nyuma, ushikilie hizo mbuzi zisikanyagane. Ukizifikisha mzima, tutaona kama kuna kazi ya kuchunga."

Elijah akapanda. Beberu mkubwa akamkanyaga mguu, naye akamkumbatia shingoni kwa mikono miwili ili asianguke.

"Na funga mdomo," Lokaale akamwambia akiwasha gari. "Hii barabara iko na vumbi mingi, itaharibu meno."