Kidole cha Mkurugenzi wa Utoro Halali

Idara ya Ruhusa na Utoro Halali ilitangaza, Jumatatu saa nne kamili asubuhi, kwamba taabu ya kuomba likizo imekwisha nchini. Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi mwenyewe, akiwa amesimama juu ya kiti kwa kuwa jukwaa lilikuwa bado linasubiri saini.

"Programu hii sikuiagiza kwa fundi," alisema. "Nimeiunda mimi, kwa kidole hiki kimoja, bila kuandika hata mstari mmoja wa ile lugha ya mabano na nukta wanayojifungia nayo wataalamu wa kompyuta. Na haikosei."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Dereva wake alinong'ona kule nyuma.

"Chawa hatuna. Tuna visanduku," alijibu Mkurugenzi, ambaye masikio yake yalikuwa mazima kuliko ilivyodhaniwa.

Alikuwa ametoka kwenye semina ya siku tatu, alikofundishwa kwamba siku hizi programu haiandikwi, inaburutwa. Unachukua kisanduku kwenye skrini, unakiburuta, unakiunganisha kwa mshale na kisanduku kingine, na mshale ukishika, umeshakuwa mhandisi. Mkurugenzi aliburuta visanduku sitini, kila kisanduku na swali lake. Cha sitini na moja hakikuuliza kitu. Kilikuwa kitufe cha kijani kilichoandikwa IDHINISHA KWA MAMLAKA, na alikiweka kwa ajili ya safari zake, maana mtu mwenye majukumu hawezi kuhojiwa maswali sitini kama mwizi wa kuku.

Mshale mmoja tu ulimsumbua. Yeye akiwa hayupo, mamlaka yaende kwa nani? Utaratibu ulisema kwa Naibu. Lakini Naibu alikuwa mtu wa kuvaa tai hata Jumamosi, na mtu wa namna hiyo anakitaka kiti chako. Basi Mkurugenzi akauburuta mshale ukampita Naibu, ukaenda kwa "mtumishi mwenye miaka mingi zaidi kazini." Huyo alikuwa Bi Masjala, mtunza mafaili, miaka thelathini na mmoja katika chumba kisicho na dirisha. Bi Masjala hakutamani kiti cha mtu. Chake kilikuwa na miguu mitatu na hajawahi kulalamika.

Baada ya kuitangaza programu, Mkurugenzi aliona ni busara sasa kuijaribu. Lilihitajika jina. Kutumia jina la mtu wa chini yake kungezua maneno, basi akaweka lake. Sababu ya kuondoka: likizo, ugonjwa, uzazi, kustaafu. Akabonyeza kustaafu, kwa kuwa ndiko kulikokuwa karibu na kidole, kisha akagusa kitufe cha kijani ili asihojiwe.

Bi Masjala alikuwa amesimama mbele ya meza, faili mkononi, anachungulia.

"Mkuu, hiyo si itabaki humo?"

"Haya ni majaribio, mama. Kompyuta inajua mtu anapotania."

"Haya. Nilileta fomu yangu ya likizo. Imebaki saini yako tu."

Mkurugenzi alitazama saa ya ukutani. "Karatasi zimekufa saa nne. Sasa hivi ni saa nne na robo."

Binti yake Bi Masjala alikuwa anajifungua wiki ile, mimba ya kwanza, mji wa mbali, hana mtu. Basi lilikuwa la Ijumaa alfajiri, na tiketi ilikuwa tayari ndani ya mkoba. Akajaza kwenye simu kama wengine, na kwenye sababu akagusa uzazi. Jumatano akarudi.

"Imenikataa. Inasema mtumishi wa miaka hamsini na saba haruhusiwi kuzaa."

"Na ni kweli."

"Sizai mimi, mkuu. Anayezaa ni binti yangu."

"Basi ajaze yeye."

"Yeye si mtumishi wa hapa."

"Hilo ni suala la ajira. Usiisingizie programu."

"Si una kile kitufe cha kijani? Kiguse mara moja tu, nikamshike mwanangu mkono."

"Mfumo haukosei, mama. Nikiubishia mimi leo, kesho nani atauheshimu?"

Maneno hayo yalimpendeza mwenyewe. Akaagiza yaandikwe kwenye bango, mwanzo wake tu: MFUMO HAUKOSEI.

Alhamisi akaja Katibu Mkuu wa wizara. Minong'ono ilisema akiridhika, Mkurugenzi atapewa idara zote aziburute. Ukumbi ukajaa. Skrini ilikuwa ukutani, na bango juu yake.

"Nionyeshe inavyofanya kazi," alisema Katibu Mkuu. "Omba ruhusa yako wewe."

Mkurugenzi akaandika namba yake ya utumishi kwa kidole kile kile. Skrini ikawaza kidogo, kisha ikatoa herufi kubwa zilizosomeka hadi mlangoni: MTUMISHI HUYU AMESTAAFU TANGU JUMATATU SAA NNE NA ROBO. TUNAMSHUKURU. ARUDISHE FUNGUO ZA GARI.

Dereva akanyoosha mkono.

"Hii ni hitilafu ndogo," alisema Mkurugenzi.

Katibu Mkuu akainua macho, akalisoma bango polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. "Hitilafu iko wapi? Kwenye skrini au kule juu?"

Mkurugenzi akapiga hesabu. Ama amestaafu, ama programu inakosea. Akatafuta njia ya tatu.

"Kuna mkono wa mtu hapa. Kuna mtu anakitaka kiti changu, ameingia akabonyeza kwa jina langu. Mimi programu hii sijaigusa tangu niitangaze."

Shingo zote zikamgeukia Naibu, naye akalegeza tai.

"Uliigusa, mkuu," ilisema sauti ya Bi Masjala kutoka nyuma. Haikuwa na hasira wala haraka. "Jumatatu, saa nne na robo. Nilikuwa nimesimama na faili langu. Nikakuuliza kama itabaki humo, ukaniambia kompyuta inajua mtu anapotania."

Mtu mmoja alikohoa kwa furaha.

"Kwa hiyo haikukosea," alisema Katibu Mkuu.

"Haikukosea," alisema Mkurugenzi, maana chini ya bango lile angesema nini kingine.

"Na anayekaimu ni nani?"

Skrini ilikuwa imeshajibu. Mshale ulikuwa umefika masjala.

Bi Masjala akavaa miwani, akaenda mbele, akagusa kitufe cha kijani mara moja. LIKIZO, MWEZI MMOJA. IMEIDHINISHWA.

"Nawashukuru," alisema. "Ngoja nikafunge mzigo, basi langu ni la alfajiri."

Mkurugenzi akakaa chini, akafungua fomu ya kurejeshwa kazini. Alijibu maswali yote sitini, pamoja na lile la uzazi. Skrini ikamjibu kwa heshima zote: OMBI LAKO LIMEPOKELEWA. MWENYE KUIDHINISHA YUKO LIKIZO. SUBIRI.

Dereva alikuwa bado amenyoosha mkono.