Nyota Moja na Nusu kwa Harusi ya Kilema

Jumamosi, 2 Agosti 1997

Hasira. Hasira tupu. Hata chai imenishinda.

Asubuhi nilikwenda kubandika uhakiki wangu wa kanda za video kwenye mlango wa duka la Mektrida, kama nifanyavyo kila Jumamosi tangu Pasaka. Kiboriloni nzima inajua. Picha ya wiki hii ilikuwa ile ya Kihindi ya mapacha waliopotezana kwenye mafuriko. Nimeipa nyota mbili kati ya tano. Haki kabisa. Mapacha wenyewe hawafanani, na mmoja ana kitambi.

Nafika, nakuta karatasi nyingine! Ya Gerson! Gerson fundi cherehani, mtu wa Shirimatunda, aliyenunua deki juzi tu na hata kuisafisha hajui. Naye sasa eti mhakiki. Mapacha kawapa nyota tano. Picha ya kareti, tano. Ya mamba anayekula watalii, tano! Watu wanasoma, wanacheka, wanampa mkono. Yangu wakaisoma kimya kama tangazo la msiba. Kisha Mektrida akaniuliza, hizo kanda kama sizipendi, nazitunza za nini.

Nazitunza za nini! Mimi niliyejaza kanda kabati zima la vyombo, hadi sahani za mke wangu zinalala chini ya kitanda!

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya misa, Melkior, balozi wetu wa nyumba kumi, kamwita Gerson "mhakiki wetu". Mbele yangu. Nikauliza, na mimi je? Akasema mimi ni "yule mkali".

Mbaya zaidi, akaniambia anachosema Gerson huko kwenye cherehani yake: kwamba huyu Filemon, yaani mimi, ni mwoga, anawatukana watu wasioweza kumjibu. Mhindi wa Bombay hawezi kupanda ndege aje Kiboriloni kumzaba kofi.

Mwoga! Nimerudi nyumbani nikapiga teke ndoo. Ilikuwa na maji. Mke wangu Scola akaniambia nipige deki, na hakumaanisha ile ya video.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata! Usiku wa hasira huzaa mchana wa akili, na hilo nimelitunga mwenyewe.

Nitahakiki picha ya watu wanaoweza kunijibu. Ipo kabatini, nyuma ya zile za vita: harusi ya Theodora, mdogo wake Scola, iliyofungwa kijijini kwao Kilema, huko mlimani, Januari. Baba mkwe, Mzee Basili, alituletea nakala kwa mikono miwili, kama anakabidhi ekaristi.

Scola kaenda sokoni. Nikafunga mapazia, nikaiangalia mwanzo hadi mwisho, kalamu mkononi. Yesu na Maria, ni picha mbovu! Nimeandika hivi:

"Steringi (bwana harusi) ana uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Bibi harusi analia mapema mno, mbele hana cha kuongeza. Hotuba ya baba yake ingetosha harusi tatu. Mama mmoja wa kitenge cha kijani anapita mbele ya kamera kila mara. Mpiga picha angemtoa. Aliyeigiza vizuri kuliko wote ni ndafu: mbuzi mzima, amechomwa, ana majani mdomoni, lakini anajua kusimama. Nyota moja na nusu. Hiyo nusu ni ya mbuzi."

Mhakiki wa kweli hana mkwe.

Jumamosi, 9 Agosti

Ushindi! Watu wamejaa mlangoni kwa Mektrida hadi mwenye baiskeli akashindwa kupita. Melkior kacheka akakaa chini. Mtu kasoma kwa sauti, wakamrudisha kwenye mbuzi, akasoma tena. Karatasi ya Gerson hakuna aliyeitazama. Gerson mwenyewe alisimama pembeni na futi yake shingoni, amenuna.

Hiyo ilikuwa asubuhi.

Mchana Scola akapita pale akitoka kuuza ndizi. Akasoma. Hakucheka hata kwenye mbuzi. Akaibandua ile karatasi taratibu, akaikunja, akaja nayo nyumbani. Nilitegemea kelele. Kelele naziweza. Hakupiga.

"Baba Elizabeth," akasema, "huyu mama wa kitenge cha kijani ni nani?"

Nikasema ni mama yake, anajua mwenyewe, lakini nilikuwa nazungumzia upande wa kamera.

"Mama tumemzika mwezi wa tano. Hana mahali pengine anapotembea. Anatembea humo tu. Na wewe unataka atolewe."

Nikaeleza kuhusu kamera tena. Akaingia chumbani, akatoka na begi, mtoto na kanda.

Jumapili, 10 Agosti

Yuko Kilema kwa baba yake. Nasikia aliyembebea begi hadi kwenye gari ni Gerson. GERSON! Kisha akasimama kuwapungia mkono!

Nimekula ndizi mbichi. Sijui anakoweka chumvi.

Jioni ujumbe ukashuka kutoka mlimani. Mzee Basili anasema niende Ijumaa, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, ukoo wote ukiwepo. Niende na mbege, pombe yetu ya ndizi, na isale, lile jani ambalo Mchagga aliyekosa hulishika mkononi anapoomba radhi. Niombe radhi! Kwa ajili ya nyota! Nani aliwahi kuomba radhi kwa mapacha?

Jumanne, 12 Agosti

Mpango mpya. Nitasema uhakiki ule aliandika Gerson akatia jina langu, kwa wivu. Nimeandika mwingine, wa nyota tano, niuonyeshe kuwa ndio wa kweli. Nimemsifu hata bwana harusi.

Nikamwomba Mektrida awe shahidi. Kakataa katakata. Kasema mtaa mzima uliniona nikibandika, na gundi ilinikaukia kwenye shati. Kisha akaniambia, bila kuniangalia, kwamba mama yake Scola alikuwa akishuka na maziwa kila alipokuja mjini, na mimi nilikuwa nayanywa.

Ni kweli nilikuwa nayanywa. Alikuwa ananiwekea ya moto.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimepanda Kilema na dumu la mbege, isale mkononi, nyota tano mfukoni. Mvua ya manyunyu. Nimeteleza kwenye migomba mara mbili. Dumu limepona, suruali haikupona.

Ukoo mzima sebuleni. Hata Theodora na Jovin mumewe wametoka Arusha, Jovin na kamera yake ya video begani, anapiga kila kitu. Nikasema shikamoo baba. Mzee Basili akaitikia, akanionyesha kiti kimoja kilichokuwa peke yake, mbele ya runinga. Akasema:

"Kaa. Tuangalie wote. Ukiona kibaya, sema."

Wakaweka ile kanda. Bwana harusi na jino lake. Hotuba. Kisha akapita, na kitenge chake cha kijani, amebeba sinia. Chumba chote kikasogea mbele. Akapita tena, anamfunga mtoto kamba ya kiatu. Elizabeth akasema kwa sauti, "Bibi." Mara ya mwisho akageuka, akacheka moja kwa moja kwenye kamera, akasema kwa Kichagga kuwa Filemon bado hajala, wamtafutie sahani.

Sikukumbuka hilo. Jumatano ile nilikuwa naandika kuhusu mbuzi.

Nikalia. Nalisema kama lilivyo. Nililia kwa sauti, nikapiga magoti, nikampa Mzee isale kwa mikono miwili, na mpango wa kumsingizia Gerson nikausahau mfukoni. Akalipokea. Akasema yameisha, ila kuanzia leo sitii alama kitu chochote cha familia yake. Nikaapa. Scola akaniletea mbege yeye mwenyewe. Nilifurahi hadi mgongo ukauma.

Jumapili, 17 Agosti

Tumerudi. Sahani zimerudi kabatini, kanda zimehamia chini ya kitanda. Sawa. Hasira sina.

Jumatano, 20 Agosti

Jovin katuletea kanda mpya: yale maombi ya radhi, alirekodi yote. Scola kasema ni kumbukumbu nzuri. Alipokwenda sokoni nikafunga mapazia, niikumbuke tu.

Lazima niwe mkweli. Mzee Basili anasamehe polepole mno, picha inapoa. Scola anasamehe haraka mno, haaminiki. Lakini yule mwanamume anayepiga magoti! Machozi yale! Mabega yale! Tangu Pasaka sijawahi kumpa mtu nyota tano za kweli.

Na hii si ya familia. Mzee alikataza vitu vya familia yake, na mimi ni mkwe tu.

Gundi imekauka. Nimeiongeza maji.