Mayai ya Bi Somoe

Jumatano, tarehe kumi na tano. Saa mbili asubuhi nilikuwa nyuma ya pikipiki ya ofisi, natoka Nachingwea kwenda Ruangwa, mizani mapajani, nikirudia kimoyomoyo hotuba ya kumfukuzisha mtu kazi. Kufikia saa saba mchana nilikuwa nimeumbuka. Nawaandikia mapema, rafiki zangu, kabla hamjasikia kwa dereva.

Kazi yangu mnaijua: lishe. Kwa miezi mitatu nimekuwa nikienda kila Jumatano kwenye makao ya wazee yaliyo upande wa Likunja, kuwapima. Tuliwaongezea uji wa karanga, na yai moja kila asubuhi. Wote wakaanza kurudisha mwili, isipokuwa Bi Somoe. Kila wiki utepe wa kupimia mkono wake ulisogea karibu zaidi na alama nyekundu ya utapiamlo. Wiki iliyopita alijaribu kupanda mizani, magoti yakakataa. Akanituliza kwamba mizani yangu ndiyo mbovu.

Hospitali walimchunguza, hawakuona ugonjwa. Daftari la jikoni lilionyesha kwamba yai lake hutoka kila siku. Nikahitimisha kwamba mpishi anaiba. (Chuo kilinifundisha kutafuta chanzo cha tatizo. Hakikuniambia nianze na mimi mwenyewe.)

Sikulala vizuri. Nilifikiria pia jinsi wazee wale walivyo wakarimu: kila nikiondoka hunifungashia mayai saba kwenye kikapu chenye pumba za mpunga. Nimekuwa nikiwapongeza kwa ufugaji. Mtu awaibie watu kama hao!

Basi nilipofika nikaomba wazee wote wakusanywe barazani. Nilizungumza vizuri, nakiri. Nilieleza jinsi misuli ya mzee inavyonyauka akikosa chakula cha kujenga mwili, na kwamba anayemwibia mzee yai anamwibia siku za kuishi. Kisha nikamgeukia Zainabu, mpishi, mama mpole mwenye unga hadi kwenye nyusi.

"Mayai ya Bi Somoe yanakwenda wapi?"

Zainabu akaangalia sakafu. Mzee Chilumba, aliyekaa mbele kabisa, akakohoa kama mtu anayemeza kicheko.

"Mwambie tu," Bi Somoe akasema. "Si kauliza mwenyewe."

"Yanakwenda Nachingwea, daktari," Zainabu akajibu.

(Daktari ni mimi. Pale kila mwenye mizani ni daktari.)

Nikasikia sauti yangu ikiuliza kuhusu kuku wao. Mzee Chilumba akanitazama kwa huruma. "Kuku gani, mwanangu? Tangu umeanza kuja hapa, umewahi kusikia jogoo?"

Sikuwahi. Miezi mitatu, na kisomo chote hiki.

Bi Somoe akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Kila asubuhi humwagiza Zainabu asilipike yai lake, aliweke. "Unatoka mbali kuja kunipima. Mgeni haondoki mikono mitupu. Shamba sina tena, mkorosho sina. Nina yai."

Nilitamani baraza linimeze. Lakini Mzee Chilumba, ambaye ujanani alipima korosho ghalani, alisema kwa kuwa mayai yamepatikana, ni haki yapimwe. Nikapandishwa mizani. Akasoma kwa sauti ya kuwafikia hata waliolala ndani: nimeongezeka kilo nne tangu siku ya kwanza, nilipojipima mbele yao kuwaonyesha.

"Tiba inafanya kazi," akatangaza. "Imekosea mgonjwa tu."

Nilimwomba Zainabu radhi mbele ya wote. Nilipojaribu kuyakataa mayai ya leo, Bi Somoe aligeukia ukuta, na nikaelewa kwamba ninamwambia hana tena cha kumpa mtu. Nikayapokea. Yako hapa mezani, yananitazama. Tafadhali msicheke, angalau msicheke kwa pamoja.

*

Nyongeza, wiki tatu baadaye, kwa mnaouliza. Uji anakunywa nikimsimamia, ila yai bado anagoma. Nilimpelekea mayai niliyonunua mwenyewe. Nikayakuta kwenye kikapu changu wakati wa kuondoka. Leo nimemtumia barua hii, Zainabu amsomee:

"Shikamoo Bi Somoe. Mayai yote uliyonipa yamefika, nami nimeshiba. Kwa kuwa yai la kila asubuhi umekwisha kulifanya langu, naomba nilitumie kama mwenye mali. Kuanzia kesho wewe ndiwe mgeni wangu. Kila asubuhi Zainabu atakupikia yai langu, alilete kwa jina langu, na mgeni, kama ulivyonifundisha, hakatai alichokaribishwa. Jumatano nitakuja tule pamoja. Tukimaliza tutapanda mizani sote wawili, wewe kwanza, na Mzee Chilumba atasoma. Namwomba Mungu Mzee asome kilo zako kwa sauti kubwa kuliko zangu.

Mwanao, mla mayai."