Gia Zilizookwa Mara Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Injini ya silinda sita imeingia! Imekaa ndani ya gari la marehemu mume wangu kama mtoto mgongoni! Haya, shajara, hujambo. Aliyeiingiza ni binti yangu, niliyemzaa mimi. Gari lile jekundu la spoti, la viti viwili, lililolala bandani miaka yote na kuku juu yake. Sasa yupo mzee mmoja mwenye karakana ya magari ya kale. Kamwambia binti yangu alipandishe kilima mpaka mlangoni kwake, na akiweza, funguo za karakana atakabidhiwa binti. Nimefumba macho. Nimejiona kando yake, mtandio unapepea, nyumba zinapita polepole kama mawingu. Nimealika watu Jumamosi.

Jumanne, 5 Machi

Kumbe bado. Binti anasema giaboksi ilitengenezewa injini ndogo. Meno ya gia ni membamba, injini hii itayang'oa kilimani. Kachonga gia mpya, meno mapana, kazipeleka kwa wahunzi zichomwe motoni na kuzimishwa kwenye mafuta ziwe ngumu. Wifi yangu, dada wa marehemu, kapita. Kauliza kama kuku wamehama au watapewa lifti. Nikamwambia, wifi, Jumamosi njoo na leso, utalia.

Alhamisi, 7 Machi

Gia zimerudi. Nzuri! Rangi ya wingu la mvua. Binti kazikwaruza kwa tupa, tupa ikateleza kama juu ya kioo. Kasema, mama, zimeiva, usiziguse. Katoka kutafuta beringi.

Nimebaki nazo. Mawazo yakaniingia. Kuokwa mara moja zimekuwa hivi, je, mara mbili? Na tanuri ninalo, mtaa mzima unakula mikate yangu! Nimezifukia kwenye makaa. Zikawa nyekundu kama jua linalozama, nikalisikia gari likipanda kilima kichwani mwangu, likiimba. Halafu nimeziacha zipoe zenyewe majivuni. Kutumbukizwa ghafla kwenye mafuta? Huo si utu.

Ijumaa, 8 Machi

Tupa imekula gia kama panya kwenye sabuni. Binti kaketi sakafuni. Kauliza nani. Nikasema labda ni hali ya hewa. Kauliza majivu ya tanuri yamefikaje kwenye meno. Hapo nikakohoa.

Akanieleza taratibu, kama anaongea na mteja: chuma kilichokomazwa, ukikirudisha motoni na kukiacha kipoe polepole, kinalainika. Machozi yalimlenga. Yalinichoma mimi. Nikasema, mwanangu, nilitaka tu zikubebe. Akacheka huku analia, akasema, mama, wewe baki na mikate. Kazirudisha kwa wahunzi. Mzee kakubali kungoja mpaka Jumapili ya wiki ijayo, ikipita hiyo anamchukua fundi mwingine. Wifi kaniletea salamu za kuku.

Ijumaa, 15 Machi

Gia ni ngumu tena! Zimefungwa ndani ya giaboksi mbele ya macho yangu, mikono nimeikalia. Kesho anaiunganisha na injini. Imebaki sahani ya klachi mezani, ndiyo inayoshikana na injini gari liende. Binti kasema ikae kavu kabisa. Ikiguswa na mafuta itateleza, injini itanguruma na gari halitasogea. Nimeelewa. Nimeapa.

Ila nimeipapasa. Imekwaruza kama kisigino cha wifi! Kitu kikavu hivyo kitamtesa mwanangu kilimani. Nimeipaka kidogo tu. Si mafuta ya gereji, hapana, hayo alikataza. Ni yangu ya kujipaka, ya waridi. Imeyanywa yote, inanukia bandani kote. Namwona mzee mlangoni, funguo zinameta. Namwona wifi anatafuta leso. Nimeshawaambia wote, na wifi nimemtengea kiti cha mbele: kilimani, Jumapili.