Mkono Uliopanda Jukwaani

Kabla hamjaiona ile video, nisikilizeni mimi kwanza. Leo hapa Dar es Salaam nimeaibika mbele ya watu, taa na kamera, na aliyeniaibisha ni mkono wangu mwenyewe wa kulia.

Mama Paulo, najua umeshaanza kucheka. Subiri. Sijafika hata nusu.

Mnakumbuka nilivyowaaga pale kwenye kibanda chetu cha shanga Karatu. Niliwaambia naenda kwa Nashipai, binti wa dada yangu, yule niliyemlea mimi. Dada alimleta kutoka Ololosokwan aje kuanza shule, akakaa kwangu mpaka akawa mtu mzima. Kwetu Wamasai mtoto wa dada yako ni mtoto wako, kwa hiyo ananiita Yeyo, yaani mama. Sasa ni mbunifu wa mavazi, na leo ilikuwa mara yake ya kwanza kuonyesha nguo zake kwa watu wanaojua nguo. Nguo kashona yeye. Shanga zote nimetunga mimi. Mliziona wenyewe kabla sijazituma. (Mama Paulo, ulisema rangi ya chungwa imezidi. Haikuzidi.)

Na sifa ya shanga zangu mnaijua. Hazikatiki! Uzi wa nailoni mara mbili, fundo juu ya fundo. Yule mgeni aliyenaswa mkufu kwenye mlango wa gari, si kilicholegea ni mlango? Nimejisifu kwa hilo miaka yote. Likumbukeni, tutalirudia.

Jana jioni nikashuka stendi, mgongo umekufa ganzi. Nikamwona Nashipai anakuja mbio, nywele kazinyoa, miwani kaiweka kichwani badala ya machoni. Mkono wangu ukajiandaa wenyewe. Kwetu mtoto akikutana na mkubwa wake anainamisha kichwa, mkubwa anamgusa utosini na kumsalimu, naye anaitika. Hivyo ndivyo bibi yangu alivyonisalimu mimi, na hivyo ndivyo nilivyomsalimu Nashipai kila alipotoka shule na vumbi lake la Karatu. Basi nikanyanyua mkono.

Akanikumbatia!

Akanikumbatia na kunipiga mgongoni, pa, pa, kama mgeni anayeagana na dereva wake nje ya loji. Mkono wangu ukabaki hewani peke yake kama wa mwanafunzi anayejua jibu na mwalimu hamtazami. Nikajifanya narekebisha shuka.

Lakini roho iliniuma, siwafichi. Usiku mzima nilikuwa najiambia, haya, mji umeshamchukua huyu. Ananipenda, ndiyo, lakini nimekuwa mama wa kupigwa picha naye.

Asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, akanipa maagizo.

"Yeyo, utakaa mstari wa mbele kabisa."

"Sawa."

"Pembeni yako atakaa mama mmoja ana miwani mikubwa. Huyo ana duka. Akizipenda nguo zangu, zitaingia dukani kwake. Asipozipenda, nimeshona bure mwaka mzima."

"Sawa, mwanangu."

"Kwa hiyo wewe kaa, tazama, piga makofi. Tafadhali usiguse kitu."

"Niguse nini mimi?" nikamjibu. Tena nilikasirika kidogo. Ananiona mimi ni ndama nimeingia duka la vyombo?

(Ndama angekuwa na nafuu.)

Ukumbini baridi tupu, feni za ukutani zinapuliza kama tuko ukingo wa kreta asubuhi. Nilivaa vizuri jamani. Shuka jipya, hereni zangu kubwa, katambuga nimezisugua mpaka tairi linang'aa. Na mkono wa kulia, ile bangili yangu pana yenye visahani vya bati vinavyoning'inia. Jukwaa lenyewe refu na jembamba kama njia ya ng'ombe kuingilia josho, limeinuka kiasi cha ngazi moja tu. Nami nimekaa pale pale linapoishia.

Mama mwenye miwani akaketi kulia kwangu. Ananukia vizuri. Nikamsalimu, akaitika kwa adabu, akaitazama bangili yangu. Nikakaa wima. Mkono wa kushoto nikashika simu, maana niliwaahidi video.

Taa zikazimwa. Muziki ukaanza.

Nashipai alikuwa ameniambia onyesho ni fupi, ukipiga chafya mara mbili limekwisha. Akatoka msichana wa kwanza. Jamani, mrefu! Ananyata kama korongo kwenye matope, uso hauna habari na mtu. Amevaa gauni jekundu, shanga zangu shingoni, na kichwani ule ukanda wa shanga unaoshuka hadi kisogoni. Machozi yakanilenga. Vidole hivi hivi vinavyomenya viazi!

Akafika mwisho wa jukwaa, mbele yangu kabisa. Akasimama. Akapiga goti moja taratibu.

Akainamisha kichwa.

Sasa mimi sikuambiwa. Baadaye ndiyo nimeelewa kwamba Nashipai aliwafundisha wainame ili watu waone shanga za kisogoni. Lakini hebu niambieni nyinyi, wanawake wenzangu mliolelewa kama mimi. Binti wa watu kaja mpaka miguuni pako. Kapiga goti. Kakuletea kichwa, kakituliza, anasubiri. Utafanya nini?

Mkono ukapanda. Nikaukamata! Nikaurudisha mapajani. Yule binti akainuka, akageuka, akaenda zake bila kusalimiwa. Nikajisikia vibaya kama nimemfungia mlango mtoto wa jirani.

Akaja wa pili. Goti. Kichwa. Nikauma mdomo. Nikatazama dari. Naye akaondoka hivyo hivyo, maskini.

Akaja wa tatu. Huyu alikuwa mdogo mdogo wa sura, anafanana na Nashipai wa darasa la sita. Akapiga goti, akainamisha kichwa, akafumba macho. Na hapo muziki ukakatika. Ndivyo walivyopanga, unyamaze kidogo watu waitazame nguo. Ukumbi mzima kimya. Mtoto kainama. Anasubiri. Anaendelea kusubiri.

Jamani, mimi si jiwe.

Nikaweka kiganja utosini pake. Na kwa sauti yangu ile ile ya kuitia mbuzi, nikamsalimu, "Takwenya!"

Ukumbi mzima ulisikia. Yule binti alishtuka, akafumbua macho. Hakujua kwamba jibu lake ni "Iko". Lakini mtoto aliyelelewa ni aliyelelewa tu, awe wa Dar au wa wapi. Akanong'ona, "Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?" nikamjibu. (Ningefanyaje? Nimnyime na marahaba?)

Mambo yangeishia hapo yangekuwa na heri. Nikavuta mkono. Mkono haukuja. Nikavuta tena. Kikaja kichwa.

Kisahani kimoja cha bangili kilikuwa kimejipenyeza kwenye ukanda wa shanga na kugeuka upande wa pili. Kimenasa. Nikatikisa. Kikazidi kunasa.

"Mama, niachie," binti ananong'ona, uso bado hauna habari na mtu.

"Sijakushika, mwanangu. Ni shanga."

"Vuta basi zikatike."

Ndugu zangu. Zikatike! Nilivuta. Alivuta. Uzi wa nailoni mara mbili, fundo juu ya fundo. Kwa mara ya kwanza maishani niliomba kazi yangu iwe mbovu, na haikuwa mbovu.

Muziki ukarudi, dum, dum, na kwa mbali msichana wa nne ameshatokeza pazia. Wangu akaona hakuna namna. Akainuka. Nami nikainuka. Akageuka. Nami nikapanda jukwaani.

Hapo ndipo ilipopigwa ile video mtakayoiona. Yeye mbele, anatembea kwa madaha yake kama hakuna kilichotokea. Mimi nyuma, nimejinyoosha kwa vidole vya miguu, kiganja kimebaki utosini pake kama mchungaji anayetoa pepo, katambuga zinapiga pwa, pwa, pwa. Hatua yake moja ni yangu tatu. Kila nikichelewa, kichwa chake kinarudi nyuma. Kila akisimama, nampanda kisigino. Mtu mmoja gizani akaitikia, "Amina!" Ukumbi ukapasuka.

Tukapishana na msichana wa nne katikati. Alinitazama kwa jicho la pembeni, mabega yanamtikisika. Nikamwambia, "Pita mwanangu, pita, sisi tunarudi."

(Simu bado iko mkono wa kushoto, inarekodi. Video yangu mimi ina miguu tu na sauti yangu nikisema pole pole, pole pole. Sitaituma.)

Nyuma ya pazia alikuwa amesimama Nashipai. Ana mkasi mkononi.

Jamani, pale kicheko chote kiliniisha. Nilimtazama usoni nikatafuta pa kujificha. Mwaka mzima mtoto hajalala anashona, na sharti alilonipa lilikuwa moja tu.

"Kata bangili yangu," nikamwambia. "Kata, mwanangu. Usiiharibu nguo."

Akaitazama bangili, akautazama ukanda. Akaweka mkasi chini. Akaunyonya uzi ukalowa, akaushika kwa meno ya mbele, akakisukuma kisahani kwa ukucha, taratibu, vile vile nilivyomfundisha pale kibandani akiwa na miguu isiyofika chini ya kiti. Kikatoka. Hakuna shanga hata moja iliyoanguka.

"Nashipai, nisamehe," nikasema.

"Yeyo, rudi ukakae." Basi. Hakunitazama. Midomo ilikuwa inamtetemeka na sikujua ni hasira au ni kilio.

Nikapita pembeni gizani nimeinama kama mwizi wa kuku, nikarudi kwenye kiti changu. Nikaivua bangili. Nikaikalia mikono yangu yote miwili. Yule mama mwenye miwani akanisogelea sikioni. Nikajua ndiyo hukumu.

"Samahani, mama," akasema. "Ile sehemu ya salamu mlifanya mazoezi muda gani?"

Nikamwambia ukweli. "Tangu nikiwa mtoto."

Akatikisa kichwa pole pole, akarudi kukaa vizuri. Nikashindwa kabisa kumsoma. Ile miwani ni mikubwa kuliko uso.

Akaja wa tano, ndiye wa mwisho. Goti. Kichwa. Watu wote wakanigeukia mimi, simu juu, wanangoja. Nami nimekalia mikono, nazuia na pumzi. Sikumgusa! Akaondoka, na ukumbi mzima ukaguna, "Aaah!" Mtu unaaibika kwa kugusa, halafu unaaibika kwa kutogusa.

Taa zikawaka. Wakamwita mbunifu. Nashipai akatoka na wale wasichana wake, watu wanapiga makofi, wengine wamesimama. Mimi sikupiga. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, na pia sikujiamini kuitoa. Nikawa nasema moyoni, ee Mungu, apunge mkono aingie ndani, tumalize, kesho nipande basi nirudi kwetu.

Hakuingia ndani. Akaja moja kwa moja mpaka mwisho wa jukwaa, mbele yangu. Akaiondoa ile miwani kichwani. Akapiga goti, mbele ya mama wa duka, mbele ya kamera, mbele ya Dar es Salaam nzima.

Akainamisha kichwa.

Nikazidi kuikalia mikono. Kaniambia nisiguse kitu.

"Yeyo," akasema chini chini bila kuinua kichwa, "jana nilikuona. Nilijifanya sijauona mkono wako. Watu walikuwa wengi, nikaona aibu."

Nikautoa mkono chini yangu, umekufa ganzi, unawasha kama umeguswa na upupu. Nikauweka juu ya kile kichwa kilichonyolewa. Kumbe bado kina lile kovu la alipoanguka kwenye mkokoteni wa vitunguu wa baba yake Mama Paulo.

"Takwenya," nikasema. Safari hii sauti haikutoka vizuri.

"Iko," akaitika.

Nililia, naam. Nililia mpaka yule mama wa pembeni akanipa kitambaa chake, naye kavua miwani anafuta machozi yake. Na nguo atazichukua. Ila anataka na salamu iwepo dukani siku ya kwanza ya kuziuza. Nimemwambia nitafikiria.

Basi, hayo ndiyo yaliyonipata. Video ikiwafikia chekeni, sitawazuia, maana hata mimi nimeitazama na mbavu zinaniuma. Nawaomba kitu kimoja tu. Keshokutwa mkija kunipokea stendi, asitokee mtu mzima wa kuniinamishia kichwa kwa utani, hasa wewe Mama Paulo na mawigi yako. Mkono huu hauna breki.