Jinsi Nilivyomkondesha Waziri

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Daktari wa mifugo amekuja kumpima Waziri, mbwa wa Shangazi, na ametoka na hasira. Amesema huyu si mbwa tena, ni kochi lenye mkia. Moyo umeelemewa. Akiendelea kula hivi, hafiki mwisho wa mwaka. Kuanzia leo ni karoti za kuchemsha na kuku asiye na ngozi, kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Halafu mazoezi ya kuruka viunzi, taratibu, vya chini kwanza. Mama huyo wa mifugo atarudi Jumamosi ya wiki ijayo na mizani yake.

Shangazi alishika tama. Waziri aliletwa nyumbani na marehemu mume wake, akiwa bado anaenea ndani ya kofia. Shangazi hana mtoto mwingine hapa. (Mimi sihesabiwi.)

Binamu hakuchelewa kujipendekeza. Huyu ni mtoto wa mdogo wake Shangazi, fundi cherehani, anashonea kwenye veranda ya mbele. Tangu mwaka jana anakitolea macho chumba changu cha uani, ati vyerehani vyake vinapata vumbi. Ana mbwa wake, Sindano, mwembamba, mwenye kiherehere, anaruka hata visivyohitaji kurukwa. Akasema kwa ile sauti yake ya asali kwamba Mama Mkubwa asihangaike, amwachie yeye kazi yote.

Nikamkata kauli. Nikasema mafunzo ya mbwa nimeyasomea. Na ni kweli. Nimetazama video tatu, ya nne bando lilikata. Shangazi akatutazama wote wawili kwa zamu, kisha akaamua. Nipewe mimi. Waziri akipungua, chumba ni changu na hataki kusikia tena habari za vyerehani. Asipopungua, nifungashe virago.

Mtu wa umri wangu, sina mke, sina kazi ya kueleweka, lakini nina chumba. Sikiachii cherehani!

Jumanne, 4 Machi

Nimejenga uwanja wa mazoezi uani. Kiunzi cha kwanza: mpini wa ufagio juu ya ndoo mbili. Kiunzi cha pili: ubao wa kupigia pasi wa Binamu, umelazwa juu ya matofali (nimeuazima, mwenyewe hajui). Handaki: pipa la maji lililotoboka, nimelikata kitako. Fimbo za kupita zigizaga: miguu ya kiti kilichokufa zamani. Kazi safi. Nilisimama nikaitazama mpaka chai ikapoa.

Nikamleta Waziri mbele ya ufagio. Nikamwamuru aruke. Akakaa. Nikaamuru kwa sauti ya kijeshi. Akalala.

Video zinasema mwalimu aonyeshe mfano. Nikaruka mimi. Waziri akatikisa mkia. Kumbe anaelewa! Nikaruka tena ili somo limkae. Mkia tena. Nimeruka mpaka magoti yakalia. Binamu akasimamisha cherehani, akauliza kutoka verandani kwamba hapo anayekondeshwa ni nani hasa. Wivu tu. Sikumjibu, maana pumzi ilikuwa haijarudi.

Jumatano, 5 Machi

Tatizo la mlo. Waziri alinusa karoti, akanitazama kama nimemtukania baba yake, akageuza mgongo. Nikambembeleza. Nikajifanya nazitamani. Hakunijali.

Shida ni kwamba Shangazi hukagua bakuli. Likiwa na mabaki, anaingiwa na hofu kwamba mbwa anaumwa, na akiingiwa na hofu anamwita Binamu. Nikafikiri haraka. Nikazila mimi. Zikitiwa chumvi kidogo si mbaya, na yule kuku ni laini.

Lakini mbwa naye alikuwa analia, na mimi si mnyama. Nikampa wali wangu na nyama yangu, kidogo tu, sahani moja. Shangazi alipoona bakuli linang'aa alinishika bega, akaniita mwanangu. Sijaitwa hivyo miaka. Nimetembea kifua mbele mchana kutwa, na njaa yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata siri ya mafunzo! Tuzo! Kila mbwa akifaulu, apewe kitu kitamu papo hapo. Daktari alitaja kipande cha karoti, lakini daktari hajakaa na Waziri. Nimenunua soseji.

Ugumu ni kwamba bado hajafaulu chochote. Nimeona si haki kutuza matokeo peke yake. Nia nayo itazamwe. Na Waziri ana nia nyingi. Nikiruka kiunzi, yeye anasimama. Hiyo ni nia, soseji. Nikitokeza upande wa pili wa handaki, anatikisa mkia. Soseji. Leo jioni nilipochoka nikakaa chini, alinibwekea mpaka nikainuka. Nidhamu ya namna hiyo huioni kwa mbwa wa mtaani.

Nimemwambia Shangazi kwamba Waziri sasa anaujua uwanja wote. Sikudanganya. Anaujua kwa macho.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya. Sindano ameingia uani bila kualikwa, akaruka ufagio, akaruka ubao, akachomoka kwenye handaki, akapita fimbo zote bila kugusa hata moja, kisha akachukua soseji mfukoni mwangu na kuondoka. Binamu alipiga makofi verandani. Halafu akautambua ubao wake.

Baada ya ugomvi huo nilimshtakia Shangazi, nikataka Sindano afungwe kamba kwa sababu anamvuruga mgonjwa. Shangazi akakataa. Alisema huenda Waziri akiona mwenzake ataiga.

Waziri hakuiga. Lakini nilirusha kipande cha soseji nyingine ndani ya handaki na, ajabu, akaingia! Nikapiga kelele za furaha. Nikasubiri upande wa pili. Nikasubiri sana. Alikuwa amekwama katikati, anatafuna.

Ilibidi nimwite adui. Binamu akashika miguu ya nyuma, mimi nikammwagia mafuta ya kupikia. Alipotoka, Binamu alisema kwa upole wake wa sumu kwamba mbwa anayepungua, pipa huwa linazidi kumpwaya. Nikamweleza kwamba pipa limesinyaa kwa jua. Shangazi alikuwa ameshaondoka kwenda kanisani, namshukuru Mungu.

Jumanne, 11 Machi

Suruali zangu zinanidondoka. Asubuhi nilikuwa nimeshika kamba ya Waziri kwa mkono huu na kiuno kwa mkono ule, haiwezekani kufundisha hivyo. Nikajikaza kisabuni, nikaenda verandani, nikaomba zipunguzwe.

Binamu alinipima kiuno. Akanipima tena. Akauliza siku hizi nakula nini. Nikasema ni mawazo, kazi ya ualimu ina mawazo. Akaandika vipimo vyake kwa chaki kwenye kitambaa huku anatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Mkanda wa shingoni wa Waziri nao umesogea tundu moja. Kuelekea nje. Shangazi aliuliza. Nikamwambia hiyo ni misuli, kwa kawaida misuli huvimba kwanza, mafuta hufuata nyuma yakaondoka yenyewe. Akaitikia. Anataka sana kuamini, na hilo linanirahisishia kazi.

Alhamisi, 13 Machi

Shangazi alileta kigoda akakaa uani kutazama mazoezi. Sikuwa na jinsi, nikasema leo ni siku ya mapumziko. Basi akaanza kuzungumza. Alisema siku marehemu alipochukuliwa hospitali, Waziri alilala mlangoni, hakula wala hakunywa mpaka Shangazi aliporudi. Aliporudi peke yake, mbwa alichungulia nyuma yake, akaendelea kuchungulia, na toka siku hiyo hajawahi kulala mbali na kitanda cha Shangazi. Ndipo alipoanza kumpa vinono, kumfariji. Au kujifariji, hajui. Akasema hana nguvu za kuchimba kaburi lingine. Akanishukuru.

Nililia. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna atakayeniona. Niliona aibu mpaka kwenye nyayo. Nikaamua kumweleza yote, karoti, soseji, yote, leo leo.

Nikamfuata jikoni. Kabla sijafungua mdomo akanipakulia paja zima, akasema nimekonda kwa ajili yake, nile. Chini ya meza Waziri alikuwa ameshafika, ananitazama. Ungefanya nini? Nikamgawia. Nikaona si vizuri kumharibia Shangazi mlo kwa maneno mazito. Nitamwambia baada ya Jumamosi.

Wakati huo huo nimebuni kitu kuhusu mizani. Kamba ikiwa fupi na mkono ukiwa juu, mtu anaweza kumnyanyua mbwa kidogo bila kuonekana. Nimefanya mazoezi kwa gunia la mkaa. Bega linauma.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika yote.

Daktari alifika asubuhi. Waziri akapanda mizani, mimi pembeni na kamba yangu fupi, uso wa malaika. Daktari, bila hata kuinua kichwa, akaniambia niachie kamba. Nikajitia sikusikia. Akasema tena. Nikaachia.

Akasoma. Akafuta kioo cha mizani kwa kidole, akasoma tena. Waziri ameongezeka. Na si kidogo.

Shangazi alifunika mdomo. Nikaona chumba kinaniponyoka! Nikasema wasihukumu kabla ya kuona maonyesho. Nikapiga filimbi. Nikatoka mbio. Niliruka ufagio, nikaruka ubao, nikapenya handaki kwa tumbo, nikazipita fimbo kushoto kulia kushoto, nikarudi nikasimama wima. Sijawahi kukimbia vizuri namna ile. Waziri alikuwa palepale kwenye mstari wa kuanzia, kinywa wazi, anasubiri chake.

Daktari akauliza mfukoni nina nini.

Binamu akaja na utepe wake shingoni, akasema yeye si mtu wa maneno, ila suruali za mwalimu amezipunguza mara mbili ndani ya wiki. Mbea! Daktari akanitazama mimi, akamtazama Waziri, akanitazama tena. Akauliza karoti amezila nani. Waziri akaendelea kuhema.

Daktari alisema mlo wake haujawahi kumfaa mtu vizuri hivi. Hakuna aliyecheka. Kisha akamgeukia Shangazi akamwambia kwamba mwezi mmoja zaidi wa huruma kama hii na moyo huu ungesimama.

Nilingoja anipigie kelele. Hakupiga. Alikuja, akachukua kamba mkononi mwangu, akasema polepole, "Nilikupa roho yangu uishike." Halafu akasema vyerehani vihamie kesho.

Jumapili, 16 Machi

Naandika kutoka kwenye kochi la sebuleni, ambalo ni fupi kuliko mimi. Nimeruhusiwa kukaa hapa mpaka nipate pa kwenda. Nimekatazwa kusogelea bakuli la yeyote.

Vyerehani vitatu vimeingia chumbani kwangu. Cha nne kimewekwa pale pale pa kitanda. Shangazi amepita mara kadhaa mbele yangu na hakuniita jina lolote, si mwanangu, si hata wewe. Hilo limeniuma kuliko shingo iliyokunjwa na kochi.

Binamu ndiye mwenye kazi sasa. Alizichanganya karoti na supu ya yule yule kuku, na Waziri akazila zote. Hakuna aliyeniambia kuchanganya kunaruhusiwa! Ningejua ningekuwa na chumba.

Jumanne, 18 Machi

Waziri ameuvuka ufagio. Ndiyo, ulikuwa umelazwa chini. Ndiyo, alikanyaga. Nyumba nzima ilipiga makofi, mpaka mteja aliyekuja kupimwa gauni. Hakuna aliyekumbuka kuuliza nani aliyejenga uwanja. Ndivyo walivyo watu, unawalimia, wanakuja kuvuna.

Lakini bahati hailali. Jioni Shangazi alirudi kutoka zahanati akiburuta mguu, akajitupa kitini. Daktari wa watu naye amesema yale yale. Uzito umezidi, presha iko juu, magoti yanaisha. Apunguze wali, ale mboga, atembee, ajinyooshe. Waziri akamwekea kichwa pajani, wote wawili wakashusha pumzi kwa pamoja. Shangazi akasema, akimwambia mbwa, kwamba lau angepata mtu wa kumsimamia.

Moyo ukanidunda! Makosa yangu nimeshayaona, na lilikuwa moja tu: nilianza na mbwa. Mbwa hajui lugha. Shangazi anaelewa maneno, anajua kuchukua amri, na anakula mezani ambapo namwona. Wiki mbili tu na daktari mwenyewe atakuja kunipa mkono, na vyerehani vitajua pa kwenda. Sijamwambia bado, nataka iwe furaha ya ghafla.

Kiunzi cha kwanza nimekishusha kidogo, kwa heshima ya umri wake. Karoti ziko jikoni, nimeshazimenya. Akishindwa kuzimaliza, mimi nipo, na sahani yangu ya wali nitampa, maana siwezi kumwona Shangazi yangu analala na njaa.