Mhungaria wa Kukodi

Vendelín Krupka alikuwa mdomo wa taifa la Waslovakia. Jukwaani aliwatukana Wahungaria mpaka sauti ikamkauka. Wake wawili walishamshindwa, wa tatu alikuwa anapanga masanduku, lakini yeye aliapa kwamba taifa hataliacha kamwe. Alikuwa amemficha mama yake mzazi kwenye ghorofa ya nne mjini, asipokee simu wala asiongee na majirani, eti koo linamsumbua.

Siku moja aliona ramani ya halmashauri. Gari la kamba la watelezaji theluji lingepita juu ya shamba la miplamu la mjane Žofia, na ardhi ile ingepanda bei. Mate yakamjaa.

Akamvalisha shemeji yake Elemír suti ya tajiri, akamtuma kwa mjane ajifanye Mhungaria mwenye fedha, ataje bei ya kutisha mbele ya majirani. Kisha Vendelín angetokea kama mkombozi na kununua kwa bei ya kizalendo, yaani ya kutupa.

Elemír alikula sahani tatu za madonge madogo ya viazi kwa jibini ya maziwa ya kondoo, akataja euro laki mbili. Žofia alimwuliza jambo kwa Kihungaria. Elemír, asiyeelewa hata neno, akatabasamu, akaomba jibini zaidi.

Jumapili baada ya misa kijiji kilijaa uani kwa Žofia. Uchaguzi, ambao Vendelín aligombea, ulikuwa Jumamosi iliyofuata. Vendelín alilia machozi mengi, maana anayo ya akiba. Udongo wa mababu usiende kwa Mhungaria, alisema. Yeye mwana wa milima atatoa euro elfu ishirini.

Žofia akammiminia pombe ya plamu. "Mwanangu, kitendawili."

"Tega, shangazi."

"Wasichana wawili walipanda treni moja kutoka kusini, Kislovakia hawajui hata salamu. Mmoja akaolewa hapa, ndiye mimi. Mwenzangu alimbembeleza mwanawe kwa Kihungaria, na leo mwana huyo anapiga kelele majukwaani. Ni nani?"

Majirani wakabuni wabunge sita, wakicheka. Vendelín alijua jibu, akaimaliza glasi kwa mkupuo mmoja.

"Umeshindwa?" Žofia akasema kwa upole. "Basi nipe mji."

"Laki tatu," Vendelín akasema.

Kijiji kikapiga makofi. Uzalendo kama huo hakijapata kuuona. Jumamosi kura zote kikampa. Jumba lake la kifahari likauzwa kulipia miplamu, na mke wa tatu akamalizia masanduku.

Žofia alirudi kusini kwa treni, kiti cha dirishani. Pembeni yake alikaa mama yake Vendelín, akiongea Kihungaria njia nzima, koo zima kabisa.